Tunafufua Cherehani Zilizokufa

Mtaa wa Gerezani, Jumanne

Mwanangu Samah,

Tangu tangazo langu litoke kwenye kile kitabu cha biashara, simu hainipi hata nafasi ya kumeza mate. Uongo huo. Miezi minane imelia mara moja tu, na mpigaji ni wewe. Siku hizi watu wanatafuta mafundi kwenye simu zao. Kitabu chenyewe muuza karanga anakichana kufungia.

Ulinipa shikamoo, ukasema umeiona namba kitabuni, kisha ukasema, "Amekufa." Masikio yangu ya kizee yakasikia "imekufa." Nikakujibu kama tangazo linavyosema, "Ilete, mama, hapa tunafufua," nikacheka.

"Si cherehani, baba. Ni mama. Tumemzika Alhamisi."

Ukakata. Miaka tisa tangu niwakimbie, hata sauti yako sikuijua.

Muhiddin wa duka la pili ananiuliza kama kitabu kile kina faida, na yeye atangaze.

Nikikupigia hupokei. Lakini cherehani yako ya kwanza nilikutengenezea bure, kwa hiyo una deni langu dogo. Piga tena namba ya kitabuni, unipe shikamoo. Ile ya kwanza sikuiitikia.

Baba yako,
Fundi Amjad