Fungate ya Mwenzangu

Shoga, niko Apollo Bay, huku pwani ya Australia, nimejifungia garini kwa hasira.

Unakumbuka Lachlan alivyonikataza kugusa mipango ya fungate yetu? "Tulia, mke wangu. Pa kulala njia nzima nachagua mimi." Wiki tatu anachagua!

Leo tumefika nyumba ya wageni ya pili. Mwenye nyumba, bibi mmoja anaitwa Glenys, kamkumbatia Lachlan kama mwanawe. Halafu kaniangalia mimi, kamuuliza yeye: "Na Tamsin hajambo?"

Tamsin! Mke wake wa kwanza!

Nikafungua kitabu cha wageni. Mwaka 2016, mwandiko wa Lachlan kabisa: "Jana Lorne, kesho Port Fairy. Fungate yetu tamu, mimi na Tamsin."

Shoga, jana sisi tulilala Lorne. Kesho ni Port Fairy. Nyumba zile zile!

Nimemuuliza. Unajua kanijibu nini? "Sasa nibahatishe ya nini, mpenzi? Hizi nilishazijaribu, vitanda vyake vizuri."

Vitanda! Kaniambia vitanda!

Sanduku langu ninalo, funguo ninazo, nakuja kwako. Kitabuni nimeandika: "Bibi Glenys, asante kwa chai. Mume nimekuachia, maana wewe unamjua kuliko mimi."