Neno Nililomnyima Anselmo

Alhamisi. Mvua ya mawe imeupiga mji tangu saa tisa alasiri, na sasa jua limerudi kama vile halijui lolote. Nimekaa kitandani, ghorofa ya sita, mtaa wa Joubert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika. Magoti yanauma, na saruji imekauka kwenye kucha. Naandika kwa kidole gumba kwenye simu, kwa hiyo makosa mtanivumilia. Shule niliishia darasa la tano.

Leo nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nitoke Tanga.

Mwenzangu wa kazi anaitwa Anselmo. Anatoka Guinea ya Ikweta, nchi ya watu weusi kama sisi wanaozungumza Kihispania. Sikujua kama ipo mpaka nilipomkuta pale tunapokaa kungoja vibarua, kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, karibu na duka la vifaa vya ujenzi. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Mimi nilipokuwa njiani kuja huku nilikaa Msumbiji miaka miwili, nikaokota Kireno cha sokoni. Kireno changu kibovu na Kihispania chake vikakutana katikati. Tukaelewana.

Alikuwa na kijitabu alichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, maneno ya Kiingereza kwa wasafiri Wahispania. Jioni tulikuwa tunakifungua hapa chumbani. Kilimfundisha kuomba chumba kinachotazama bahari. Kilimfundisha kuuliza baiskeli zinakodishwa wapi, na kumsifia mpishi kwamba samaki alikuwa mzuri sana. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Humu mwangu tunalala watu watano, kwake chini vilevile, na dirisha letu linatazama dirisha la watu wengine.

Maneno ya kazini hayakuwemo. Hayo nilimfundisha mimi: ndoo, mchanga, mwiko, uzi, pole pole, simama, lete. Aliyashika haraka, akawa ananiita "Profesor". Mimi, wa darasa la tano. Sikuwahi kuitwa jina tamu kama hilo.

Kisha akaniomba nimwandikie kibao.

Pale kwenye robot kila mtu ana kipande chake cha kadibodi. Unaandika kazi yako kwa herufi kubwa ili mwenye gari aisome kabla taa haijageuka kijani. Ndicho mdomo wako. Changu kinasema TILER, yaani fundi wa marumaru. Anselmo naye ni fundi wa marumaru. Amepanga marumaru miaka kumi na saba huko kwao, na kwa kusema kweli, mimi ni saidia fundi niliyejifunza kwa kutazama. Kingo zangu hupinda.

Nilimwandikia HELPER. Msaidizi. Nikamwambia maana yake ni fundi wa marumaru. Aliponionyesha kwamba changu kina herufi nyingine, nikamwambia hicho changu maana yake ni msimamizi.

Ni hivyo tu nilivyofanya. Sikulewa, wala hakuna aliyenilazimisha.

Niliogopa. Yeye ana mikono na mimi nina maneno, na maneno huibwa na yeyote anayekaa kitako kujifunza. Tangu siku hiyo gari likisimama naongea mimi, anachukuliwa fundi pamoja na msaidizi wake. Tukifika, yeye anapanga, mimi nachanganya gundi na kupiga domo. Jioni fundi hulipwa kama fundi, na msaidizi kama msaidizi. Sina haja ya kueleza zaidi.

Papa Kabamba, mpaka rangi kutoka Lubumbashi, aliligundua mapema. "Weye Mutanzania," aliniambia, "ule muntu anakupita mbali, na unamuandikia helper? Eish! Iko siku atasoma." Wengine wakacheka. Nikacheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jana na leo tulikuwa mtaa wa Bertrams, kwa mama mmoja mzee, mjane, ambaye wote wanamwita Gogo, yaani bibi. Sakafu ya bafu. Alivuta kreti la soda, akakaa mlangoni siku zote mbili akitutazama, chai mkononi. Leo tulipomaliza alichukua ndoo ya maji akaimwaga yote. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye tundu, hakikubaki kidimbwi hata cha kunywea njiwa. Hiyo ni kazi ya Anselmo, kwa jicho na uzi tu.

Gogo akamgeukia yeye, si mimi. Akamuuliza kwa Kiingereza yeye ni nani hasa kwenye kazi hii.

Anselmo akanyooka. Akajipiga kifua kwa kiganja chenye gundi. "Helper, Gogo! Helper very good!"

Hiyo "very good" aliitoa kwenye kijitabu, kwa yule samaki.

Alikuwa na fahari usoni kama mtu anayetaja jina la baba yake. Gogo alimtazama kwa huruma, kisha akanitazama mimi bila huruma.

"Hau, bhuti," yaani kaka, akasema polepole. "Huyu anajua alichokisema?"

Nikamjibu, "Eish, Gogo, Kiingereza kinamsumbua."

Hata pale. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nami nikaufunga tena.

Tumerudi kwa miguu, mawe ya mvua yakitugonga mabegani. Anselmo alinifunika kichwa kwa mfuko wake wa saruji. Akaniuliza, Profesor, yule mama amependa kazi? Nikasema amependa.

Nifungue moyo wote. Wakati wa baridi nilimwandikia kibao kingine, cha kweli. Kimelala chini ya godoro langu miezi minne. Kila jioni nasema kesho, na kila asubuhi nakilalia dakika tano zaidi, kisha natoka bila hicho.

Leo nimekitoa. Kimekunjika kona moja lakini herufi zinasomeka: TILER. Nimekiweka nje ya mlango, herufi juu. Anselmo anakaa ghorofa mbili chini yangu na hupanda kunigongea kila alfajiri. Hawezi kukivuka bila kukiona. Kile cha HELPER, ambacho hulala humu pamoja na changu, nimekitia kwenye begi langu. Nitakishika mimi, atakayenitaka atanichukua.

Nimepekua kijitabu chake kutafuta maneno ya kumwambia. Samahani ipo moja tu, ya kumwomba mtu uliyemkanyaga mguu kwenye treni.

Akikiona atafurahi kwanza. Atadhani nimempandisha cheo, nimemfanya msimamizi. Atanikumbatia pale mlangoni na kuniita Profesor.

Hapo ndipo nitakapoanza kusema.