Kambo na Nyumba Isiyo na Barza

Jumamosi

Bado ninacheka peke yangu. Baba alisema tutahama mtaa wetu wa Hewa Bora iwapo tu Kambo, mama yake, atakubali. Leo tulikwenda naye Kasungami kutazama nyumba ndogo ambayo kuta zake zimechapwa na mashine kwa saruji, tabaka juu ya tabaka.

Niliipenda mara moja. Kuna chumba chenye dirisha ambamo ningesoma bila kusukumana na wadogo zangu. Kambo alipapasa ukuta, akamgeukia injinia aliyetutembeza.

"Mwanangu, iko muzuri. Lakini barza iko wapi? Bukari tutapikia mu kitanda?" alisema, maana ugali wetu hupikwa nje, barazani.

"Jiko iko mule ndani, Kambo."

"Na mbabula yangu ya makala?" akauliza, akilifikiria jiko lake la mkaa. "Moshi itatuua bote!"

Nikaogopa kwamba tumekwisha kuikosa nyumba. Lakini injinia alicheka, akasema nyumba hizo huunganishwa vipande vipande, barza inaweza kuongezwa. Kambo akaichora chini kwa kijiti, ikakaribia kuizidi nyumba kwa ukubwa.

"Kambo, hii yote ya nini?" nikauliza.

"Bajukuu bangu bataolewa wapi?"

Baba akaandikisha jina letu. Orodha ni ndefu, huenda tusipate. Lakini Kambo amekwisha kuchagua upande wa barza atakaokaa, ule usio na jua la mchana.