Asiyelelewa

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wangu karudi kuishi na Mama. Alipelekwa kwa mama mkubwa tangu alipoachishwa ziwa, mambo yalipokuwa magumu. Tunamwita Cheche. Akicheka, jirani anachungulia. Anakula amesimama, kijiko ndani ya sufuria! Ningefanya mimi, Mama angenitoa roho. Kwake yeye — tabasamu tu.

Jumatano, 5 Machi
Darasani mwanafunzi kauliza maana ya neno la Kiingereza, "wanton". Nikasema: asiyejizuia, gari lisilo na breki. Nikacheka peke yangu. Cheche mtupu!
Nafika nyumbani, Mama kampa cherehani. Cherehani yake! Mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi macho yalipoanza kufifia. Eti mimi nina ualimu wangu, mwenzangu hana kitu. Nikasema sawa, Mama. Sawa wapi! Wivu unanitafuna.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua kamusi kubwa ya ofisi ya walimu. Asili ya lile neno ni vipande viwili vya kale: kukosa, na kulelewa. Yaani asiyelelewa! Kumbe na Wazungu wana mashangazi wa kusema hivyo. Nimefurahi mpaka mwalimu wa hesabu kaniuliza kulikoni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeharibu.
Cheche kakata vibaya kitambaa cha mteja, kola imekwenda upande. Mama akacheka! Mimi nilichapwa kwa kuharibu pindo tu. Nikashindwa kujizuia — mimi! Nikampasha mbele ya mteja: hukulelewa wewe!
Cheche alimgeukia Mama. Nami nikatazama. Mkasi umemponyoka Mama. Akasema polepole, ni kweli, hakulelewa, mimi ndiye niliyemtoa, nitukane mimi.
Ulimi hauna mfupa, jamani. Sikumkusudia Mama!
Mteja kaondoka bila kuaga. Mimi nimejifungia chumbani. Mama analia, Cheche anambembeleza: basi Mama, dada ana hasira tu, zitapoa. Ananitetea, mwanaharamu huyu!
Inabidi nitoke nikaombe radhi. Nimesimama mlangoni, nikachungulia kwanza kwenye tundu la ufunguo. Mama kalaza kichwa mapajani kwa Cheche. Anapapaswa nywele. Mimi niliyelelewa sijawahi kumgusa Mama hivyo, hata siku moja.
Cheche kainuka, anagonga. Dada, njoo, Mama anakuita.
Sijafungua. Mungu anisamehe, hata kwa machozi yale ya Mama namwonea Cheche wivu —