Kitabu Ulichomtumia Baba Bila Kukisikiliza

Mkumbi,
Mbinga, Ruvuma.
3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Florian,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ni dada yako na nimeamua kuitikia kabisa, ili tusianze kwa kulaumiana. Lawama zipo, zinakuja huko chini.

Hujambo huko Ujerumani? Kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa Pasaka kimeisha? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na vidole vinagoma kufunguka. Kahawa nayo imeiva yote kwa mara moja. Tunachuma, tunamenya, tunaanika, na bado mibuni ya kule bondeni hatujaigusa. Watoto wangu wanakusalimu. Mdogo wetu Ottilia ni mzima wa mwili, ya moyo nitakueleza.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu una ile "nipo kazini, dada" yako. Kwa hiyo barua hii nimempa Sista Ephrasia anayekuja huko masomoni, pamoja na pakiti ya kahawa. Kahawa kunywa. Barua isome ukiwa umekaa.

Ni habari za Baba. Kila ukipiga unaniuliza anaendeleaje, halafu kabla sijajibu unaniuliza kama dawa za macho zilifika. Zilifika. Macho hayarudi, na hilo uliambiwa. Mimi nataka kukueleza juu ya ile spika.

Uliituma wakati wa Pasaka, ndogo, nyeusi, ndani umejaza vitabu vya kusikiliza. Tangu macho ya Baba yalipofungwa na presha, mimi ndiye niliyekuwa ninamsomea. Unaijua sengu yetu ilivyo, baraza letu la kula pamoja; tukishakula sote, vyombo vikiondolewa, Baba alikuwa anasema, "Devotha, tuendelee." Nilisoma kwa taa ya sola, wajukuu wamelala magotini, majirani wamejisogeza. Siku spika ilipofika aliipapasa pande zote, akaipiga busu, ndiyo, busu, akaniambia, "Sasa pumzika, mwanangu. Florian ametuma wasomaji."

Nikaenda kuosha vyombo. Iliniuma, Florian. Nakwambia waziwazi kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Nimeishia kidato cha nne na kitu pekee nilichokuwa nakifanya vizuri kuliko wewe ni kusoma kwa sauti.

Basi tukaanza kusikiliza ulivyotuchagulia. Cha kwanza kilikuwa cha bwana mmoja anayefundisha watu kuamka saa kumi alfajiri ili wafanikiwe maishani. Baba, aliyeamka saa kumi alfajiri tangu utoto wake, alisikiliza mpaka mwisho akingoja kuambiwa hayo mafanikio yanafika saa ngapi. Cha pili kilitukataza kula ugali. Cha tatu kilisomwa na mtu mwenye sauti ya kutangaza misiba, na hadithi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Kingine hakikusomwa na mtu kabisa, ni mashine, haivuti pumzi, inapita kwenye nukta kama mbuzi anavyopita kwenye shamba la mtu. Mzee mmoja jirani alisinzia akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Niliposema ulichagua vibaya, Baba alikutetea. Alisema mtoto ana kazi nyingi, amechukua alichokiona. Mimi nikasema moyoni kwamba hata mahindi ya mbegu hatuyachukui kwa kuona picha kwenye mfuko.

Halafu kikapatikana kimoja. Sitaki kukunyima haki yako, kimoja kilikuwa kizuri. Hadithi ya mshonaji wa Kigoma aitwaye Aurelia, anayemkimbia mume mkorofi na kupanda treni ya mizigo, na yule msimamizi wa treni anamficha kwenye behewa lake. Anayeisoma ni mama mmoja mwenye sauti tulivu, hana haraka, kama mtu anayepepeta unga huku anakusimulia. Sengu ilijaa. Watu walikuja na vigoda vyao. Baba alikuwa akiamka asubuhi ananiuliza, "Unadhani mume atamfuata mpaka Tabora?" Nilikuwa sijamwona na furaha namna ile tangu Mama afariki. Hata mimi nilikusamehe kidogo.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa Julai wakwe walipanda kutoka Liuli. Ni wale wanaomchukua Ottilia, nilikueleza: Bi Marselina mama wa kijana, mumewe, na wazee wao. Ni Waanglikana wa siku nyingi, watu wa kanisani, hata wakicheka hawapazi sauti. Walituletea mbasa, wale samaki wa ziwani, wakavu, kapu zima. Baba alivaa koti lake la ukatekista. Alitaka waone kwamba wanaoa nyumba ya watu.

Tulipomaliza kula, wanaume na wanawake wote tumekaa pale sengu pamoja na wageni, Baba akasema, "Wakwe zangu, mwanangu Florian ameniletea wasomaji kutoka Ulaya. Devotha, washa, tuendelee pale tulipoishia." Nikawasha. Nikarudi jikoni kuchemsha chai.

Aurelia na yule bwana wa treni walikuwa Tabora, mvua inanyesha, wamepata chumba. Mlango ukafungwa. Khanga ikaanguka. Halafu yule mama asiye na haraka akaanza kutueleza yaliyofuata, bila haraka vilevile.

Florian, hakuna aliyenyanyuka kuzima. Unawajua watu wetu. Kila mmoja alijifanya hasikii, na anayejifanya hasikii hawezi kwenda kuzima. Mkwe wa kike kakaa pale, Baba kakaa hapa, na katikati yao spika inataja viungo vya mwili kimoja baada ya kingine. Baba akapapasa, akakipata kile kitufe cha kuzungusha, akakizungusha upande usio wenyewe. Sauti ikapanda. Jirani wa ng'ambo ya bonde kesho yake aliniuliza kama tulikuwa na mkutano. Nilipotoka jikoni mbio kuizima, na mikono yenye majani ya chai, Bi Marselina alikuwa ameshasimama, anasema anakwenda kuangalia kahawa kwenye vichanja. Kahawa tulikuwa tumeshaifunika.

Wakwe walikunywa chai, wakashukuru, wakaaga. Hawakuligusia jambo lile, na uchumba haukuvunjika. Lakini Baba, mtu aliyefundisha wachumba mafundisho ya ndoa kigangoni mpaka nywele zikawa nyeupe, aliingia chumbani kwake siku ile na hajatoka kula na watu mpaka leo. Chakula nampelekea ndani. Majirani walikuja siku mbili tatu, wakaona kimya, wakaacha. Na amesema siku ya harusi mwezi wa kumi, baba mdogo ndiye atakayemkabidhi Ottilia. Yeye hawezi kukaa mbele ya Bi Marselina. Ottilia analia kila siku. Anasema kama Baba hamkabidhi, heri asiolewe. Hiyo ndiyo hali ya moyo wake niliyokuahidi.

Unaweza kusema si kosa lako, kitabu hukukiandika wewe. Ni kweli, lakini uliwahi kukisikiliza? Nilikuuliza kwenye simu ukanijibu kwamba uliona watu wengi wamekisifu. Ukacheka. Ukasema nipo kazini, dada.

Hata mimi yalinikuta. Jioni moja Baba aliniita chumbani akaniuliza, "Vile vitabu ulivyokuwa unanisomea wewe, navyo vilikuwa na mambo haya?"

"Baadhi, Baba."

"Ulikuwa unayaruka."

"Ndiyo."

Akasema, "Kwa hiyo nyote wawili mnanichagulia. Mmoja ananipunguzia, mwingine ananimwagia."

Sikumjibu. Lakini wewe nakujibu: sijuti hata kidogo. Mimi nikisoma, macho yangu yanatangulia mdomo. Naona kinachokuja na naona nani amekaa. Akiwepo mkwe naruka, akiwepo mtoto naruka, tukiwa peke yetu watu wazima nasoma na tunacheka. Spika yako haioni nani amekaa. Hiyo kazi ya kutangulia ilikuwa yako wewe uliyeituma, na hukuifanya.

Na sasa niseme kinachonikera kuliko vyote. Mwaka jana ulinisimulia kuhusu yule mzee wa huko kazini kwako, kwenye nyumba ya wazee, dereva wa treni mstaafu, ambaye naye haoni. Ulisema unamchagulia vitabu vya kusikiliza. Kwamba unakisikiliza wewe kwanza ukiwa kwenye basi. Kwamba unamwekea mwanzo tu, unamtazama usoni, akikunja uso unatoa, unajaribu sauti nyingine. Kwamba unamuuliza anataka kusikia nini siku hiyo, cha kuchekesha au cha vita, peke yake au na wenzake. Ulinieleza kwa raha, nami nilifurahi, nikamwambia kila mtu jinsi mdogo wangu anavyojua kutunza wazee. Hata Baba nilimwambia.

Mzee wa Kijerumani anaulizwa. Baba yako anajaziwa. Najua unalipwa kwa yule, na kazi ni kazi. Ila nimekesha na hilo na halijanishuka.

Basi, baada ya kuona chakula kinarudi nusu, nikasema ngoja nimuulize mimi. Juzi nilikaa kitandani kwake nikasema, "Baba, unataka nini?" Alishangaa kama nimemsemesha kwa lugha ngeni.

Kwanza akaniuliza kama Aurelia alirudi kwa mumewe. Nikamwambia sijui. Hapo nilidanganya, Florian. Hadithi nimeimaliza peke yangu, kwenye simu nilikokuwa nimeinakili, kwa zile waya za masikioni, huku nachambua kahawa, mikono inatoa mbovu na masikio yapo kwenye treni. Mwisho wake ninao, na simpi mtu. Na wewe sikupi.

Kisha akauliza, "Florian amekisikiliza kitabu hiki?"

"Hapana, Baba. Alikituma tu."

"Nilijua. Angekisikiliza angeniambia, Baba, hiki kizuri, lakini kisikilize peke yako." Akaipapasa spika, ipo hapo kando ya mto wake wa kulalia, imezimwa, hataki mtu aiguse. Akasema, "Sitaki vingine. Asinitumie vingine. Mwambie akisikilize hiki hiki, tangu mwanzo, asiruke. Afike kwenye kile chumba cha Tabora. Akifika pale, awaze mama mkwe wake amekaa mbele yake, na mimi nimekaa pembeni natafuta kitufe. Halafu anipigie."

Nikamuuliza akupigie aseme nini.

"Asiseme kitu. Nitamsikia tu kwamba na yeye ameona haya. Tukishakuwa wawili wenye aibu hii, nitatoka."

Hayo ndiyo maneno yake, sijapunguza wala sijamwagia. Nimekuandikia jinsi yalivyo. Koti lake la ukatekista nimelifua, nimelitundika nyuma ya mlango wake. Ottilia anaingia kuliangalia kila asubuhi kama lipo.

Kwa hiyo hutatafuta tena vitabu, wala hutatuma spika kubwa zaidi, maana nakujua. Kitabu unacho kwenye simu yako. Basi lako la kwenda kazini lina nafasi ya kutosha, kama lilivyokuwa na nafasi kwa yule dereva wa treni.

Wasalimie wenzako wa Mbinga mlio huko, na yule mzee naye msalimie, hana kosa. Huku wanakusalimu Ottilia, baba mdogo, wanangu wote, na majirani wa sengu ambao bado wanapita njiani taratibu wakisikilizia kama kuna sauti. Mungu akulinde na baridi ya huko, akuongoze kazini na akurudishe jioni salama, na masikio yako ayafungue.

Mimi dada yako, anayekupenda hata akiwa amekukasirikia,

Devotha