Dereva Aliyetazama kwa Masikio

Natta, Serengeti
Jumanne, 16 Septemba 2025

Dada yangu Selestina,

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikufikie ukiwa umekaa, mguu wako umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, si umesimama dukani tangu asubuhi. Shemeji anaendeleaje? Na mama mkwe wako, bado anakataa uji usio na ndimu? Wasalimie wote hapo Sirari, na ukipata mtu wa kuvuka mpaka, salamu zangu zimfikie shangazi wa Migori.

Sisi huku tunapumua. Akech yuko bwenini Issenye, anasoma, na amerefuka mpaka sketi yake ya shule nimeishusha pindo mara mbili mwaka huu. Mahindi tulivuna kidogo, tembo walitutangulia shambani. Cherehani inafanya kazi. Mimi mwenyewe si mgonjwa, dada, ila nimechoka. Si uchovu wa kushona. Ni ule ambao unalala nao, na ukifumbua macho asubuhi unakuta wenyewe umeshaamka unakungoja.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Ni kwa sababu shemeji yako Olima, Baba Akech wangu, anasikia kila neno ninalosema kwenye simu, hata mimi nikiwa jikoni na yeye akiwa uani. Karatasi haina sauti. Kwa hiyo nivumilie, nianze mwanzo.

Tangu mwezi wa tano watu wa hapa walishikwa na homa moja: mashindano ya safari kwenye runinga ya Simioni, yule mwenye mgahawa karibu na soko. Kila Jumapili saa kumi jioni palikuwa pamejaa mpaka dirishani. Mashindano yenyewe yako hivi. Watu wawili wawili wanapewa gari kuukuu la gia za mkono na ramani ya karatasi, wananyang'anywa simu, kisha wanaambiwa wavuke nchi kadhaa mpaka mji fulani. Kila wiki wanaofika wa mwisho wanarudishwa kwao. Walikuwemo baba na mwanawe, walikuwemo wachumba waliogombana kila kona, na walikuwemo dada wawili watu wazima waliovaa manjano. Hao niliwapenda, maana walinikumbusha mimi na wewe: mmoja anaendesha, mwingine analalamika.

Kwa Simioni hakuna aliyetazama kwa kunyamaza. Wachumba walipoiacha lami wakachagua njia ya mlimani, watu waliwatukana kana kwamba gari ni lao. Boke anayeuza sambusa pale mlangoni alisema kosa ni la mwanamume, maana mwanamke alimwambia mapema warudi, akajifanya hasikii. Wanaume wakamjibu kwamba mwenye usukani ndiye mwenye neno la mwisho. Boke akawaambia basi mwenye usukani alale humo humo porini, wengine wapande basi.

Lakini ubishi ukifika kwenye uendeshaji, wote walimgeukia shemeji yako. Miaka kumi na tisa ya kuwabeba wageni hifadhini si mchezo. Alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, akatoa hukumu. Huyu amechelewa kubadili gia. Huyu anakalia klachi, subirini kidogo mtaona moshi. Huyu anateremka mlima kwa breki tupu, hafiki chini salama. Na kweli, baada ya dakika mbili moshi ungetoka, au gari lingeserereka, na watu wangepiga makofi. Wakampa jina la Profesa.

Pembeni yake alikaa Werema. Unamkumbuka Werema, dereva mwenzake kwenye kambi ya watalii kule Robanda, yule Mwikoma aliyetuletea maji kwa gari siku ile ya kumzika mama. Werema alikuwa na maneno mengi. Angesema, "Haya, wa manjano wamefika njia panda. Kushoto mto, kulia kilima chenye mawe. Au nasema uongo, Olima?" Nikadhani ni uropokaji wake tu.

Jumapili moja mwezi wa saba Werema hakuwepo, alikuwa amepeleka wageni. Siku hiyo wale dada wawili walifika kwenye mto. Maji yalikuwa ya kahawia, na gari lililokuwa limewatangulia lilikuwa limezama mpaka juu ya tairi. Mkubwa wao, mwenye nywele nyeupe, alishikilia usukani akisitasita. Watu wakapiga kelele wasivuke, wazunguke. Baba Akech akainua mkono, wakanyamaza. Akasema, "Hapo ni kuvuka tu. Maji hayo yanalia kidogo, si mengi. Na huyo kijana ana mkono mzuri."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani Profesa anatania. Mimi sikucheka. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameuelekeza uso kando kidogo ya runinga, ameinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. Nikajua kwamba mume wangu hajawahi kuyaona mashindano yale. Alikuwa akiyasikiliza.

Nyumbani nilimuuliza. Kwanza akasema ni vumbi la kiangazi. Nikasimama mlangoni nikamwambia sitoki hapo. Ndipo akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba jicho la kushoto lilizima mwaka jana, na la kulia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Barabara za hifadhini anazijua kwa mwili wake. Werema hutangulia na gari lake, yeye hufuata vumbi, na wanyama wageni hujionea wenyewe. Mtu mwingine anayejua ni Werema peke yake, na alikuwa akimsihi kila siku aende hospitali. Akaniomba nivumilie mpaka Akech amalize kidato cha nne mwakani.

Nikakubali, dada. Lazima nikuambie hivyo pia. Nilikubali.

Wiki mbili baadaye nilipeleka Robanda mapazia niliyoyashona kwa ajili ya mahema ya kambi, na jioni Baba Akech akanirudisha na gari la kazi, maana alitumwa Natta kuchukua mboga. Tukafika kwenye kona moja, msichana wa shule akatokea kushoto na baiskeli, ndoo imefungwa nyuma. Mimi nilimwona mapema. Nikangoja Baba Akech apunguze mwendo. Nikangoja tena. Hakupunguza. Nikaurukia usukani, gari likaingia kwenye majani. Mtoto alianguka na baiskeli yake, akainuka, akajipangusa sketi, kisha akatuamkia, "Shikamooni," kama yeye ndiye mwenye kosa.

Shemeji yako alikuwa bado amekanyaga breki. Akaniuliza, "Kuna nini? Ni mbuzi?"

Mwezi wa nane kambi iliwapeleka madereva wote watano kupimwa macho. Wanne walirudi kazini. Yeye aliambiwa ana presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa na matone ya asubuhi na jioni. Siku hiyo hiyo alikabidhi funguo. Walitaka kumpa kazi ya getini, ya kupokea simu na redio, akakataa. Gari lake akapewa Werema.

Tangu hapo nyumba yangu haina wimbo mwingine. Nani aliyemwambia meneja? Kwa nini wapimwe mwaka huu na si mwaka jana? Anahesabu kwa vidole watu waliojua, na kila mara anabaki na kidole kimoja. Werema alikuja kumwona, ameleta jogoo. Baba Akech akasimama mlangoni, akasema kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba mtu aliyekula macho ya mwenzake asikanyage uani kwake. Werema akamweka jogoo chini, akaondoka. Kwa Simioni nako habari za macho yake zikafika. Akikaa, watu walihamisha viti. Akaacha kwenda. Mashindano yameisha, na wa manjano walikuwa wa pili. Mimi niliambiwa na Boke, kwa maana na sisi hatuendi tena.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijamwambia hata mchungaji. Dada, ni mimi niliyekwenda kwa meneja.

Ilikuwa kesho yake baada ya yule mtoto wa baiskeli. Niliaga kwamba napeleka mapazia yaliyobaki, na hayakuwepo. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikamwambia meneja, yule mama, kwamba mume wangu haoni. Nikamwomba awapime wote ili isionekane, na asitaje jina langu kamwe. Ametimiza. Nilipokuwa natoka, Werema alikuwa anaosha gari karibu na geti. Aliniona, akaona sina kitambaa chochote mkononi. Baadaye, yote yalipokwisha kuharibika, tulikutana sokoni. Akaniambia taratibu, "Mama Akech, nyumba yako ibaki nyumba. Mimi nitabeba." Na mimi, mdogo wako wa kanisani, mwimbaji wa kwaya, nikasema asante, nikanunua nyanya zangu, nikarudi nyumbani.

Hicho ndicho kinachonichosha. Upofu wa Baba Akech nimeshauzoea, najua kumwekea kikombe upande wa kulia. Lakini kila tukikaa kula anamlaani Werema, na mimi namwongeza ugali, nanyamaza. Hivi ninavyoandika amekaa hatua tatu tu kutoka kwangu, ameugeuza uso huku, anafikiri nafanya hesabu za vipimo vya nguo.

Naishia hapa leo. Nitatafuta mtu wa kuja huko kabla ya Jumamosi.

Ijumaa

Dada, barua haikuondoka, na sasa ina mkia.

Jana mchana niliitoa niisome tena kabla ya kuifunga. Baba Akech akaniuliza karatasi hiyo inayokwaruzwa tangu Jumanne ni ya nani. Nikasema ni barua ya Selestina. Akasema, "Nisomee basi. Siku nyingi sijasikia habari za watu."

Ningeweza kusoma chochote. Karatasi ninayo mimi, macho ninayo mimi. Nilianza na shikamoo, na mguu wako, na uji wa ndimu, akatabasamu. Nilikuwa nimeshatunga kichwani habari za uongo za kumalizia: harusi, mvua, bei ya vitambaa. Nikafika kwenye sketi ya Akech, nikaiweka karatasi magotini. Nikaona kwamba nikimdanganya hapo, nitakuwa nimemzima na masikio pia. Nikasoma kama ilivyo. Nilisoma hata lile la kuku na mwewe.

Nilipofika kwenye kona ya baiskeli aliinua mkono nisimame. Akaniuliza yule mtoto alikuwa na umri gani. Nikasema labda kumi na tatu, sketi ya bluu. Kisha akasema, "Alituamkia, na mimi sikumwitikia." Akaniambia niendelee.

Nikasoma la meneja. Nikasoma la sokoni. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: kama Werema alijua kwamba ni mimi tangu siku ile alipomleta yule jogoo. Nikasema ndiyo, alijua. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka nje, akasimama kwenye zizi mpaka mbuzi waliporudi. Sikumfuata.

Leo asubuhi alivaa shati lake la kanisani, akaniambia nimpeleke kwa Werema. Unajua hajakubali kushikwa barabarani hata siku moja, hutembea kwa kukumbuka. Leo alinishika, si mkono, alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anayemkasirikia yule yule anayemhitaji. Tukapita katikati ya soko. Watu walimwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja kwa majina, akiwatambua kwa sauti zao.

Werema yuko mapumziko wiki hii. Tulimkuta uani anarekebisha pikipiki. Baba Akech alisimama pale aliposikia spana ikigonga, akasema, "Werema, nilikutukana mbele ya watu. Nimekuja mchana kweupe, nipite mbele yao hao hao. Nisamehe, omera, ndugu yangu."

Werema alinitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba yamesemwa yote. Akaweka spana chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Kiti kiko kushoto kwako. Hatua moja." Baba Akech akakaa. Kisha Werema akaiwasha pikipiki, na kabla haijapata moto vizuri, Baba Akech akamwambia mnyororo umelegea. Wakaanza kubishana. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba na mke wa Werema, nikalia kidogo, akanipa maji.

Usifikiri kwamba kwangu yameisha. Njiani tukirudi aliniambia, "Kwa yule mtoto ulifanya sawa. Kwangu ulijificha, na Werema ulimwacha aungue. Niache nikasirike." Nimemwacha. Mchana alikula bila kusema neno nami, lakini hakumlaani mtu. Jumatatu nitampeleka kliniki, na Werema amesema atapita kambini kuuliza kama ile nafasi ya getini bado ipo. Baba Akech hakumkataza.

Bado nimechoka, dada. Ila leo nimechoka kama mtu aliyetua mzigo, mabega ndiyo yanauma. Mguu ukikuruhusu, njoo utuone kabla ya mvua za vuli. Mpe shemeji salamu zangu, mpakate mjukuu wako kwa niaba yangu, na mwambie mama mkwe wako nitamletea ndimu mwenyewe.

Ukinijibu, nijibu kwa karatasi. Ila andika ukijua kwamba nitamsomea.

Mimi mdogo wako,
Adhiambo, Mama Akech