Sauti ya Besi Chumbani Mwetu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kulitukana. Sisi huku miili ni mizima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Unajua shemeji yako siku hizi anafundisha wauguzi kwa njia ya mtandao. Chumba chetu kimegeuka darasa: kitanda kimesukumwa ukutani, kompyuta iko juu ya meza ya kupigia pasi, mlango unafungwa. Mimi niko uani nashona matakia ya viti, lakini masikio nimeyaacha mlangoni.

Vikao anaviendesha na mratibu wao, bwana mmoja wa mji mwingine mwenye sauti nzito. Nimembandika jina Bwana Besi. Huyo akisema neno, mke wangu anacheka, kaka, kicheko cha tumboni ambacho mara ya mwisho nilikisikia tukiwa wachumba. Kabla ya kikao anavaa hereni. Kikiisha ananiuliza kama maji yametoka. Nikiuliza wanacheka nini, anasema ni mambo ya kazi tu. Wivu ukaniingia kama mchwa kwenye mbao: nje mzima, ndani vumbi.

Wiki iliyopita walikuwa na semina kubwa. Wakubwa wake walikuwa wakimpima kama anafaa kuongoza mafunzo yote, akaniomba hata nyundo nisiiguse. Katikati ya somo Bwana Besi akamwita malkia wa sindano. Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Kaka, niliingia sebuleni nikachomoa waya wa kile kisanduku cha intaneti.

Akatoka akanikuta bado nimeushika. Hakupaza sauti. Aliuchukua mkononi mwangu, akauchomeka, akarudi chumbani bila kufunga mlango. Nikabaki nimesimama kwenye korido. Bwana Besi akampa pole, akasema mtandao siku hizi ni kigeugeu. Mke wangu akajibu mbele ya watu wote, "Mtandao hauna kosa. Mume wangu amechomoa waya."

Kisha ile sauti ikauliza taratibu, bila chembe ya mzaha, "Uko salama hapo nyumbani?"

Sijawahi kumwinulia mkono, wewe ni shahidi. Nilitegemea ajibu papo hapo. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikashika ukuta. Ndipo akasema, "Niko salama," akaendelea na somo.

Cheo amekipata. Ananisemesha vizuri, hata anatania. Nami sikufichi, wivu bado ninao, ila si wa kile kicheko tena. Namwonea wivu yule bwana kwa kuwa aliuliza. Mimi tangu siku ile nazunguka na swali lilelile mdomoni, na ninachokiogopa ni ule ukimya kabla ya jibu.

Mama usimwambie. Wabusu watoto, na shemeji mwambie kiti chake kiko tayari.

Mdogo wako,
Fundi Viti